Umejuaje? Mwongozo kamili wa namna watoto na watu wazima wanavyojenga imani zao kuhusu maarifa

Kila mtu ana majibu ya maswali manne, hata kama hajawahi kuulizwa hata moja. Maarifa ni kitu cha uhakika kisichobadilika, au yanaweza kurekebishwa? Ni vipande vya kukariri kimoja kimoja, au yameshikana? Yanatoka kwa wakubwa na vitabuni tu, au mtu mwenyewe anashiriki kuyajenga? Na tukikubali jambo, tunalikubali kwa msingi gani? Wanasaikolojia wa elimu Barbara Hofer na Paul Pintrich waliyapanga maswali haya hivyo mwaka 1997 baada ya kupitia tafiti za miongo kadhaa, na wengi wanaofuatilia mada hii bado wanautumia mpango wao.

Majibu hayo yanaongoza mambo mengi kimyakimya. Mwanafunzi anayeamini kwamba hisabati ni rundo la kanuni ataliacha swali likimchukua zaidi ya dakika chache, kwa sababu kwake yeye kanuni ama unaijua ama huijui. Mtu mzima anayeamini kwamba mtaalamu wa kweli habadili kauli ataona ushauri mpya wa afya kama dalili ya uongo. Wote wawili wana akili timamu. Walichokosa ni picha sahihi ya jinsi watu wanavyofika kwenye kujua.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu na yeyote anayetaka kujichunguza mwenyewe. Msimamo wangu nautaja mapema: imani hizi haziingii kwa mahubiri. Zinaingia kupitia maongezi ya kila siku, hasa namna tunavyomjibu mtoto anapouliza "kwa nini", na kama tunamwonyesha tulivyojua hayo tunayomwambia au tunamwachia tamko tu.

Njia wanayopita wengi

Mwaka 1970 William Perry wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha matokeo ya mahojiano aliyofanya na wanafunzi wa chuo mwaka hadi mwaka. Wengi walifika chuoni wakitarajia kwamba kila swali lina jibu sahihi na kazi ya mhadhiri ni kulitoa. Baadaye wakakuta wahadhiri wenyewe wanapingana. Wakaangukia upande wa pili: kama wakubwa hawakubaliani, basi maoni yote ni sawa. Wapo waliovuka hapo na kuona kwamba maoni hutofautiana kwa nguvu ya sababu zake, kisha wakachagua msimamo na kuubeba kama wa kwao wenyewe. Waliohojiwa walikuwa karibu wote wanaume. Ndiyo maana kazi ya Mary Belenky na wenzake, iliyotoka mwaka 1986 ikiwa na mahojiano ya wanawake 135, ilikuwa muhimu: ilionyesha pia watu waliojiona hawana sauti kabisa katika mambo ya kujua, na wengine walioamini tu kile kinachotoka ndani yao.

Mwanasaikolojia Deanna Kuhn ameifupisha njia hiyo kuwa mitazamo mitatu, na mimi hushika hiyo mitatu kwa sababu inakumbukika katikati ya maongezi na mtoto. Wa kwanza ni wa ukweli mmoja: jambo ni kweli au si kweli, anayejua ni mkubwa, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wa pili ni wa kila mtu na yake: akili ni nywele, kila mtu ana zake, kwa hiyo hakuna wa kumwambia mwenzake amekosea. Wa tatu ni wa mpimaji: kila mmoja ana haki ya kusikilizwa, lakini hoja hazina uzito sawa, na uzito wa hoja hutokana na sababu na ushahidi.

Usiichukulie mitazamo hii kama madarasa ambayo mtu akivuka harudi nyuma. Mtu mmoja anaweza kuwa mpimaji makini kwenye kazi yake, akawa wa ukweli mmoja kwenye siasa na wa kila mtu na yake kwenye afya, siku hiyohiyo moja.

Hatua ya kwanza: jipime wewe kabla ya mtoto

Chukua jambo ambalo una msimamo nalo na ambalo watu wanabishania. Kuhn, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1991, aliwauliza watu 160, vijana hadi wenye miaka ya sitini, kuhusu mambo kama kwa nini wafungwa wakiachiwa hurudia makosa, na kwa nini watoto hushindwa shuleni. Tumia maswali ya aina yake, na uandike majibu, kwa sababu majibu ya kichwani hujipendelea. Unajuaje kwamba hiyo ndiyo sababu? Mtu asiyekubaliana nawe angesema nini? Ungemjibu nini? Kuna kitu gani kikionekana, utakubali kwamba ulikosea?

Kosa lililojitokeza sana kwa Kuhn ni hili: mtu akiulizwa ushahidi, anasimulia. Anaeleza jinsi jambo linavyoweza kutokea ("mtoto akikosa kuangaliwa nyumbani anakata tamaa, akikata tamaa anafeli"), na simulizi hiyo, kwa kuwa inaingia akilini, inachukua nafasi ya ushahidi. Rudi kwenye maandishi yako upigie mstari kila sentensi inayoeleza jinsi jambo linavyoweza kutokea, kisha angalia kama imebaki hata moja inayoonyesha kwamba ndivyo lilivyotokea. Wengi hushtuka hapa. Usikimbie mshtuko huo.

Zoezi la pili ni fupi zaidi. Jipe alama, kuanzia 1 hadi 7, kwa namna unavyoelewa jinsi zipu inavyofanya kazi. Sasa eleza kwa maandishi, hatua kwa hatua: meno yanashikanaje, na kile kitelezi kinafanya nini hasa kwa ndani? Ukimaliza, jipe alama upya. Leonid Rozenblit na Frank Keil walitumia njia hii kwa vifaa vya kawaida, zipu ikiwemo, wakachapisha matokeo mwaka 2002: baada ya kujaribu kueleza, watu walijishushia alama. Tunachanganya kukizoea kitu na kukielewa. Mzazi aliyefanya zoezi hili mwenyewe atamvumilia zaidi mtoto anayesema "najua, najua" huku hajui.

Hatua ya pili: fahamu mtoto amefika wapi

Anza na umri wa miaka mitatu hadi mitano, maana hapo pana mengi. Chukua kisanduku cha kalamu za rangi, toa kalamu, weka vifungo vya shati, ufunike. Mwite mtoto, muulize ndani mna nini. Atasema kalamu. Fungua aone vifungo, kisha funga tena. Sasa uliza maswali mawili. La kwanza: "Kabla hatujafungua, ulidhani mna nini?" La pili: "Rafiki yako ambaye hajaona ndani, akija atasema mna nini?"

Watoto wengi wa miaka mitatu hujibu "vifungo" kwa yote mawili. Hawadanganyi. Bado hawajaona kwamba mtu anaweza kuwa na wazo kichwani lisilolingana na hali halisi, hata kama mtu huyo ni wao wenyewe dakika moja iliyopita. Heinz Wimmer na Josef Perner waliufungua uwanja huu mwaka 1983 kwa hadithi ya mtoto Maxi, ambaye chokoleti yake ilihamishiwa kabati jingine yeye asipokuwepo, watoto wakaulizwa ataitafuta wapi, na majaribio mengi yaliyofuata yanaonyesha mabadiliko makubwa kati ya miaka mitatu na mitano. Jambo jingine la umri huo ni kwamba mtoto wa miaka minne akifundishwa kitu kipya, mara nyingi atakwambia alikijua tangu zamani. Usimkemee kwa kujisifu. Kumbukumbu ya namna alivyokijua ndiyo ambayo bado haijakomaa.

Hata hivyo, udogo huo haumfanyi kuwa wa kumeza kila kitu. Mwaka 2004 Melissa Koenig, Fabrice Clément na Paul Harris walionyesha kwamba watoto wa miaka mitatu na minne, wakimsikia mtu mmoja akivitaja vitu wanavyovijua kwa majina sahihi na mwingine akikosea, baadaye humtegemea yule wa kwanza wanapotaka jina la kitu kigeni. Mtoto anaweka kumbukumbu ya nani anaaminika, na wewe umo kwenye kumbukumbu hiyo. Ukikisia jambo, sema unakisia.

Hatua inayopita bila wengi kuiona huja kwenye miaka saba au minane. Ipo picha maarufu ambayo ukiitazama hivi ni bata, ukiitazama vile ni sungura. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuwa amelifaulu jaribio la kisanduku, lakini akapata shida kukubali kwamba watu wawili wanaweza kuitazama picha hiyo moja, mmoja akaona bata na mwingine sungura, na wote wakawa na sababu nzuri. Jeremy Carpendale na Michael Chandler walilieleza jambo hili mwaka 1996. Kabla ya hapo, kwa mtoto, tofauti ya maoni ina maana mmoja hakuona vizuri. Kwa hiyo ukimwambia mtoto wa miaka mitano "kila mmoja ana namna yake ya kuona", huenda humwambii kitu.

Hatua ya tatu: badili namna ya kujibu

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua mfano wa mtoto wa miaka tisa anayelinganisha kitabu cha zamani cha baba yake na cha kwake.

"Baba, kitabu chako kimekosea. Kinasema sayari ziko tisa."

"Chako kinasema ngapi?"

"Nane. Na mwalimu kasema nane."

"Haya. Tutajuaje kipi kiko sawa?"

"Chako cha zamani."

"Uzee tu hautoshi, mwanangu. Kuna mambo ya zamani ambayo ni kweli mpaka leo. Tutafute kilichobadilika."

Wakitafuta watakuta kwamba Pluto iligunduliwa mwaka 1930 ikahesabiwa sayari ya tisa. Mwaka 2005 ukatangazwa ugunduzi wa Eris, gimba la angani lililo mbali zaidi na lenye ukubwa unaokaribiana na Pluto. Wanaastronomia wakalazimika kuamua: waongeze Eris na mengine yatakayofuata, au waseme wazi sayari ni nini? Agosti 2006, wakiwa Prague, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipiga kura kwamba sayari, pamoja na kulizunguka Jua na kuwa na umbo la mviringo, lazima iwe imesafisha eneo la njia yake. Pluto inapita kati ya magimba mengine mengi, ikatolewa kwenye orodha.

"Kwa hiyo zamani walikuwa wanadanganya?"

"Hapana. Pluto iko palepale. Waliona mengine yanayofanana nayo, ndiyo wakapanga upya. Wewe ungepangaje?"

Angalia baba alichofanya. Hakusema "msikilize mwalimu", wala hakusema "vitabu hivi vinabadilikabadilika, usiviamini". Amemwachia mtoto picha kwamba maarifa hubadilika kwa sababu inayoelezeka, kwamba sehemu yake ni vitu vyenyewe na sehemu ni namna watu walivyokubaliana kuvipanga, na kwamba yeye mtoto anaweza kuifuata sababu hiyo hadi mwisho. Lile swali la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu linamfanya mtoto aache kupokea tu.

Shika maneno machache ya kutumia kila mara: "Umejuaje?", "Aliyekwambia yeye alijuaje?", "Ingekuwa si kweli, tungeona nini?" Sauti nayo ina kazi yake. "Umejuaje?" ikisemwa kwa ukali inakuwa shitaka, na mtoto atajifunza kunyamaza. Iulize hata anapokuwa amepatia, ama sivyo ataigundua kuwa ni ishara ya "umekosea". Na akuulize wewe pia, umjibu kweli: nimesoma, nimeona, nimeambiwa na fulani, au nakisia.

Hatua ya nne: mpe kitu cha kupima kwa mkono

Beate Sodian, Deborah Zaitchik na Susan Carey, mwaka 1991, waliwapa watoto wa miaka sita na saba hivi kisa cha ndugu wawili waliotaka kujua kama panya wa nyumbani mwao ni mkubwa au mdogo. Kuna visanduku viwili vya kuwekea chakula usiku, kimoja kina tundu kubwa, kingine dogo. Watege kipi? Tundu kubwa halisaidii, kwa sababu panya yeyote atapita na asubuhi chakula kitakuwa kimeisha, hujajua kitu. Tundu dogo ndilo linalosema: chakula kikiisha, panya ni mdogo, kikibaki, ni mkubwa. Lakini kama lengo ni kuhakikisha panya anakula, tundu kubwa ndilo linalofaa. Watoto wengi, hasa wa miaka saba, waliweza kutofautisha malengo hayo mawili.

Msimulie mtoto kisa hicho, achague, aeleze. Kisha mtafute mengine ya kupima: mmea ulio gizani na ulio kwenye mwanga, barafu iliyofunikwa kitambaa na isiyofunikwa. Kabla ya kuanza mwambie aseme atakachokiona kama wazo lake ni sahihi, na atakachokiona kama si sahihi. Bila sehemu hiyo ya pili, kilichobaki ni mchezo wa kupendeza tu.

Hatua ya tano: tenganisha aina za maswali

Kuhn, pamoja na Rachel Cheney na Michael Weinstock, walionyesha mwaka 2000 kwamba watu hufika kwenye "kila mtu na yake" mapema zaidi kwenye mambo ya ladha na urembo, na hufika mwisho kwenye ukweli wa ulimwengu unaoonekana. Hatua ya kwenda kwenye upimaji huenda kinyume: ni nyepesi zaidi kwenye mambo ya ukweli kuliko ya ladha. Kwa mtoto, fanya hivi: mpe kauli mchanganyiko azipange. "Muziki huu ni mzuri kuliko ule." "Mwezi hauna mwanga wake wenyewe." "Si haki kumwadhibu darasa zima kwa kosa la mmoja." Kauli ya kwanza aachiwe. Ya pili ina njia ya kuhakikishwa. Ya tatu ndiyo ya kukaa nayo, kwa sababu haina kipimo cha kifaa lakini ina hoja nzito na hoja nyepesi, na mtoto akishaonja tofauti hiyo amepata kitu kikubwa.

Hatua ya sita: kijana aliyefika "hayo ni maoni yako"

Wazazi wengi hukosea hapa, kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaoona utovu wa nidhamu na kumrudisha kijana kwa nguvu kwenye ukweli mmoja. Wapo wanaofurahi kwamba amekuwa mwenye kuheshimu maoni ya wengine, wakamwacha hapohapo. Mimi naona hili la pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linafanana sana na ukomavu. Mtu anayesema maoni yote ni sawa hana sababu ya kumsikiliza yeyote, wala ya kubadili wazo lake.

Mpe hoja mbili zinazopingana juu ya jambo analolijali, moja ikiwa imeegemezwa vizuri na nyingine vibaya, na zote ziwe za misimamo usiyoishika wewe, ili asione unamvuta kwako. Usimuulize ipi ni ya kweli. Muulize ipi imejitahidi zaidi kujithibitisha, na kwa nini. Siku nyingine mpe kazi ya kutetea upande anaoupinga, kwa uaminifu, hadi mtu wa upande huo akubali kwamba amewakilishwa vizuri. Usitarajie mabadiliko ya wiki mbili. Patricia King na Karen Kitchener, waliofuatilia watu kwa miaka mingi wakaeleza hatua saba za fikra hizi, walikuta safari hii ni ya polepole na inaendelea utu uzimani.

Kwa upande wa masomo kuna jambo moja la kuangalia. Marlene Schommer alikuta mwaka 1990 kwamba wanafunzi wanaoamini kujifunza hutokea haraka au hakutokei kabisa walirahisisha mno walichosoma na kujiona wameelewa kuliko walivyoelewa. Kwa hiyo acha kusifu wepesi wa kumaliza. Sifu kurudia kusoma, na swali ambalo jana hakuwa nalo.

Hatua ya saba: kuamini wataalamu bila kuwaabudu

Mpimaji mzuri hapimi kila kitu mwenyewe, hawezi. Anachopima ni nani wa kumtegemea na kwa nini. Chukua vidonda vya tumbo. Kwa muda mrefu madaktari walivihusisha na asidi na msongo wa mawazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walianza kudai kwamba bakteria ana mkono wake humo, na hawakuaminiwa kirahisi. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe akapata uvimbe kwenye ukuta wa tumbo. Lakini hilo pekee halikumaliza ubishi. Kilichoumaliza ni majaribio ya watafiti wengine na wagonjwa waliopona kwa dawa za kuua bakteria, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Anayekisoma kisa hiki na kusema "mnaona, wataalamu hukosea, basi nimwamini yeyote anayewapinga" amesoma nusu. Waliowasahihisha wataalamu walitumia ushahidi ambao wengine waliweza kuurudia.

Kwenye habari za mtandaoni, iga wakaguzi wa ukweli, yaani watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Sam Wineburg na Sarah McGrew, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, waliwalinganisha na wanahistoria na wanafunzi wa chuo. Wanahistoria na wanafunzi walibaki kwenye ukurasa, wakiangalia ulivyopangwa na unavyojieleza, na wengi wakadanganyika. Wakaguzi waliondoka haraka, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu chanzo hicho. Fanya hivyo mbele ya mtoto, kwa sauti: "Hawa ni akina nani? Nani anawalipa? Wasiowapenda wanasemaje?"

Dalili za kuangalia

Mtoto mdogo akianza kusema "nadhani" na "nina uhakika" kwa mahali tofauti, mambo yanaenda vizuri. Wa shule ya msingi atakuuliza wewe ulijuaje, tena wakati usioupenda, mjibu. Kijana ataanza kusema "hoja yako ya kwanza nimeikubali, ya pili hapana". Kwa mtu mzima, chukua tena karatasi ya hatua ya kwanza baada ya miezi kadhaa, soma ulichojibu kwenye swali la nini kingekuonyesha umekosea, na kama pale palikuwa patupu, jaribu kupajaza sasa.